Haki bila karatasi hupotea bila habari

La mgambo likilia lina jambo. Leo tunalipiga kwa ajili ya karatasi moja: barua ya kukataliwa. Ni ile barua inayopaswa kumfikia mtu aliyeumia, akaomba fidia au mafao ya ulemavu, ikamweleza kwamba ombi lake halikukubaliwa, sababu ni hizi, na kama hakuridhika aende ofisi fulani kabla ya tarehe fulani. Pasipo barua hiyo, jaji hana uamuzi wa kupitia na mdai hana pa kuanzia. Siku za rufaa zinamwishia huku akiambiwa arudi wiki ijayo.

Tunazisemea wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa sababu huko hatari ya kuumia kazini iko jirani, na mahakama yenye uwezo wa kumsaidia aliyeumia iko mbali. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 380,000 Ngara na zaidi ya 450,000 Biharamulo. Wengi wao ni wakulima. Lakini malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita hapo mchana na usiku, Rusumo na Kabanga, Nyakahura hadi Lusahunga, yakiwa na madereva na matingo wake. Biharamulo ina dhahabu: mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na tangu 2013 umekuwa mikononi mwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, kupitia kampuni ya STAMIGOLD. Nje ya uzio wa mgodi wapo wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa kamba. Kwenye maporomoko ya Rusumo umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80 kwa ubia wa Tanzania, Rwanda na Burundi, na nikeli ya Kabanga inasubiri kuchimbwa. Kazi za namna hii hazikosi majeruhi.

Sheria haikuwasahau majeruhi hao. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Mtu akiumia kazini, au akipata maradhi yaliyotokana na kazi, Mfuko hugharamia matibabu na kumlipa asilimia 70 ya kipato chake kwa muda asioweza kufanya kazi, kikomo kikiwa miezi 24. Ulemavu ukiwa wa kudumu, hupimwa na daktari na kuandikwa kwa asilimia. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo; ukizidi hapo, majeruhi hupata pensheni ya kila mwezi.

Kwa ulemavu usiotokana na kazi, mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, aliyepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato ana pensheni ya ulemavu, ilimradi ametimiza masharti ya michango. Watumishi wa umma wana utaratibu wao katika PSSSF, mfuko ulioanza Agosti 2018. Wasio na mwajiri wala michango, yaani mkulima wa Rulenge au mama lishe wa Nyakahura, wamebakiwa na sehemu mbili za kuomba: mikopo ya halmashauri, ambamo asilimia 2 ya mapato ya ndani ni ya watu wenye ulemavu, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF.

Sasa tazama uzito wa tarakimu moja. Daktari akiandika asilimia 28 mahali palipostahili 34, majeruhi anapokea fedha za mara moja, anaezeka nyumba au analipa madeni ya hospitali, zinakwisha, na pensheni ya kila mwezi imeshampita. Afisa akiandika kwamba ajali haikutokea kazini, hata hizo za mara moja hazipo. Uamuzi unaoweza kubadili maisha ya kaya nzima kwa mstari mmoja hauwezi kuwa wa mtu mmoja, mara moja, bila mwingine kuukagua.

Katiba yetu inalijua hilo, ingawa inalisema kwa sauti mbili. Ibara ya 11 inaiagiza mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumwezesha mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Lakini Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu ya Katiba iliyo na ibara hiyo hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Kwa hiyo mwananchi wa Ngara hawezi kusimama mbele ya jaji akadai mafao kwa kuishika Ibara ya 11 mkononi. Anachoweza kukishika ni Ibara ya 13(6)(a), ambayo mahakama inailinda: haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria dhidi ya maamuzi ya mahakama au ya chombo kingine kinachohusika. Ofisi ya mafao ni chombo kingine. Kamati ya mikopo ya halmashauri nayo ni chombo kingine.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawaelezwi. Mahakama inapopitia uamuzi wa ofisi ya serikali, jaji haupimi mguu wa majeruhi upya. Anauliza maswali mengine. Je, aliyeamua alikuwa na mamlaka hayo? Je, mdai alisikilizwa? Je, ripoti ya daktari wake ilisomwa, au ilibaki ndani ya bahasha? Je, uamuzi una sababu, na sababu hizo zinatokana na sheria? Jaji akiona kasoro, anaweza kuutengua uamuzi na kuirudishia ofisi kazi yake iifanye upya, au kuiamuru itekeleze wajibu iliokuwa ikiukwepa. Maswali yote hayo yanajibiwa kwa karatasi. Aliyekataliwa kwa mdomo dirishani ataupeleka mdomo wa nani mahakamani?

Tatizo la pili ni milango. Aliyekataliwa na WCF ana njia yake ya kuomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya utawala kabla ya kufika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Aliyeachishwa kazi kwa sababu ya kuumia anatakiwa kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, na asiporidhika na tuzo ana wiki sita za kuomba marejeo Mahakama Kuu. Anayetaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa halmashauri huomba kwanza kibali, ndani ya miezi sita tangu uamuzi, kwa kanuni za mwaka 2014. Milango mitatu, tarehe tatu, na hakuna ubao wowote wa kumwelekeza mtu aende wapi.

Chukua mfano wa utingo aliyevunjika mguu lori lilipopinduka kwenye mteremko wa Rusumo. Anatoka hospitali na magongo. Tajiri wake anamwambia, “Poa kwanza, tunashughulikia.” Miezi minne inapita. Rafiki anamshauri aende CMA. Anaambiwa suala la fidia si la hapo, na lile la kuachishwa kazi limeshapitwa na siku. Anarudi kwa tajiri, anaambiwa fomu zilishatumwa. Anauliza kwa simu, anaambiwa faili halionekani, apige wiki ijayo. Ombi la fidia linatakiwa kufikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, na miezi hiyo inahesabika bila kujali kwamba yeye anajifunza kutembea upya. Siku anapompata mtu wa kumweleza ukweli, jibu ni maneno matatu: umechelewa mno, ndugu.

Bado anaweza kuomba aongezewe muda. Lakini Mahakama ya Rufani imeshikilia kwa miaka mingi kwamba aliyechelewa lazima atoe maelezo ya kila siku iliyopita, hata ikiwa ni moja tu. Huo ni msimamo wa maana; bila huo kesi zisingekuwa na mwisho. Lakini mtu aliyezungushwa kwa “njoo kesho” ataielezaje kila siku, na hana barua hata moja yenye tarehe? Aliyechelewesha ni ofisi, anayeulizwa ni majeruhi. Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 107A, inaziagiza mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kuikwamisha. Tunawaomba majaji waikumbuke ibara hiyo kila wanapomwona mwenye magongo aliyeleta maombi nje ya muda.

Tatizo la tatu ni barabara. Masjala ya Mahakama Kuu kwa watu wa Kagera iko Bukoba. Kutoka Ngara ni kupita Nyakahura, Lusahunga, Biharamulo na Muleba, safari ya kumaliza siku. Mwenye ulemavu mzito hasafiri peke yake: ni nauli mbili za kwenda, mbili za kurudi, chakula na mahali pa kulala. Shauri likiahirishwa kwa sababu wakili wa upande wa pili ana udhuru, gharama hizo zinaanza upya, na mtu anayedai fedha za kuishi analazimika kuuza mbuzi ili aendelee kudai. Wapo wanaokata tamaa kwenye ahirisho la pili. Kwenye vitabu itaandikwa kwamba mdai hakufika. Haitaandikwa kwamba alikosa nauli.

Wasaidizi wa kisheria tunao, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua. Wanafanya kazi njema vijijini, hasa katika ardhi, mirathi na ndoa, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imewapa wananchi wengi mahali pa kuuliza. Lakini msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu, na mafao ya ulemavu yana lugha yake: asilimia, michango, tathmini, viapo. Kinachosahaulika ni kwamba katika Divisheni ya Kazi mdai anaweza kuwakilishwa na ofisa wa chama chake cha wafanyakazi au na mtu aliyemchagua mwenyewe, bila wakili. TAMICO ina wanachama migodini, COTWU ina wanachama kwenye usafirishaji. Ada wanazokatwa wanachama hawa zinapaswa kuonekana siku mwenzao anapoanguka.

Tunajua upande wa pili utasema nini. Mifuko hii ni amana ya wengi; zipo ajali za kutunga na vyeti vya kughushi, na afisa anayekataa ombi bovu analinda fedha za majeruhi wa kweli. Tunakubali. Gazeti hili haliombi kila ombi lipitishwe, wala halisemi kila aliyekataliwa ameonewa. Tunasema kukataa ni kazi halali ya ofisi, na kazi halali huandikwa. Afisa mwenye sababu nzuri akiziandika, amejilinda yeye, ameulinda mfuko, na hata jaji atamuunga mkono. Asiyeandika ndiye anayeacha mwanya: wa uonevu, na wa yule anayenong'ona kwamba faili litaonekana ukitoa kitu kidogo.

Wenzetu wa Afrika Kusini wameshapita njia hii. Katika miaka ya 1990 serikali ya jimbo la Eastern Cape ilisimamisha ruzuku za ulemavu za maelfu ya watu maskini kwa kisingizio cha kuhakiki orodha, wengi bila taarifa wala nafasi ya kusikilizwa. Walikuwa wanavijiji waliotawanyika, bila fedha za mawakili. Kila mmoja peke yake asingefika popote. Katika kesi ya Ngxuza, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2000 kwamba wachache wanaweza kushtaki kwa niaba ya wote walioguswa, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Rufaa ya nchi hiyo ikaunga mkono. Fundisho la kesi ile kwetu ni kwamba dhuluma inayofanywa kwa watu wengi kidogo kidogo haionekani mpaka pawepo mahali inapoorodheshwa pamoja. Ngara na Biharamulo hazina orodha hiyo leo.

Kwa hiyo tunataka mambo matano.

Kwanza, WCF, NSSF, PSSSF, TASAF na halmashauri zote mbili zitoe kila jibu la kukataa kwa barua, kwa Kiswahili chepesi, yenye tarehe, kifungu cha sheria, sababu, jina la ofisi ya kukatia rufaa na siku ya mwisho ya kufanya hivyo. Asiyeona asomewe, na asiyesikia aelezwe kwa lugha ya alama. Sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama; dirisha la mafao lisibaki nyuma.

Pili, Bunge liweke wazi katika sheria za mafao kwamba siku za rufaa zinaanza kuhesabiwa tangu mdai alipoipokea barua hiyo. Ofisi isiyoandika isiruhusiwe kujificha nyuma ya kalenda.

Tatu, Mahakama isogee. Mahakama Kuu ina desturi ya kufunga safari kwenda wilayani kusikiliza kesi za mauaji, na mwaka 2019 Mahakama ya Tanzania ilizindua mahakama zinazotembea, ikianzia Dar es Salaam na Mwanza. Basi mashauri ya fidia na mafao ya ulemavu yapangiwe vikao Biharamulo na Ngara, hata mara mbili kwa mwaka, na yale yanayoweza kusikilizwa kwa video yasikilizwe kutoka mahakama za wilaya. Kama jaji anaweza kusafiri kwa ajili ya aliyeuawa, asafiri pia kwa ajili ya aliyebaki hai bila mguu.

Nne, kamati za watu wenye ulemavu, ambazo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazitambua kuanzia kijijini, ziwe na daftari. Kila aliyekataliwa aandikwe: ameomba nini, wapi, lini, ameambiwa nini. Maafisa ustawi wa jamii walikusanye daftari hilo kila robo mwaka, na nakala iende kwa mkuu wa wilaya na kwa SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Radio Kwizera ya Ngara, inayosikika hadi kwa mkulima shambani, itangaze milango na tarehe hizi kama inavyotangazwa siku ya chanjo.

Tano, waajiri wa barabarani na migodini watoe taarifa ya ajali kwa wakati na wampe majeruhi nakala. Mwajiri anayekaa na fomu mezani mpaka muda uishe amemvunja mtu yule mguu wa pili. Wizara yenye dhamana ya kazi iwapeleke wakaguzi wake Lusahunga na kwenye migodi ya Biharamulo bila kungoja ajali itangazwe redioni.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai mfuko mpya au kodi mpya. La kwanza linahitaji karatasi, kalamu na muhuri, vitu ambavyo kila ofisi tuliyoitaja inavyo leo asubuhi.

Na wewe msomaji uliyekataliwa, au mwenye ndugu aliyekataliwa, usingoje sheria ibadilishwe. Usiondoke dirishani mikono mitupu. Omba barua. Ukinyimwa, nenda kwa mtendaji wa kijiji chako siku hiyohiyo, andika barua yako mwenyewe kwa ofisi ile: nilifika tarehe hii, niliomba hiki, nilijibiwa hivi, naomba sababu kwa maandishi. Toa nakala mbili. Moja ipeleke, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na uifunge kwenye nailoni pamoja na cheti cha daktari. Siku jaji atakapouliza ulikuwa wapi muda wote huo, umwoneshe.